Usalama si askari peke yake

Ukitaja usalama Nairobi, wengi hufikiria polisi, geti la chuma na kibao cha "Mbwa Mkali". Dhana hiyo ya miaka mingi ni nusu tu ya habari. Kikieleza usalama wa taifa, kifungu cha 238 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja mipaka na mamlaka ya nchi, kisha kinaongeza watu, haki zao, uhuru, mali, amani, uthabiti na ustawi. Ustawi! Neno hilo husahaulika haraka. Hata ripoti ya maendeleo ya mwaka 1994 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilitaja nyanja saba za usalama wa binadamu, zikiwemo chakula, afya na mazingira.

Mwaka 2024 Mto Mathare jijini Nairobi ulipofurika, watu walikufa na nyumba za mabati zikasombwa. Hapakuwa na adui wa kufyatuliwa risasi. Kilichohitajika ni mitaro isiyoziba, onyo la mapema, na jirani anayejua mlango wa ajuza asiyeweza kukimbia. Polisi wanahitajika, sikatai. Lakini muulize mwanamke anayevuka uchochoro usiku kwenda chooni: ataanza na taa.