Kanzidata si Google, wala si ya bure

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, niliyemjua tangu akiwa kidato cha pili, alipita maktabani kwetu wakati wa likizo kunisalimia. Baada ya shikamoo na habari za masomo akatoa simu anionyeshe kilichomkwamisha. Ilikuwa makala aliyoihitaji kwa kazi ya darasa. Muhtasari ulikuwa unasomeka, na chini yake kitufe cha kulipia dola thelathini na kitu. Alikuwa ameshaomba fedha nyumbani. "Mwalimu, nimehangaika Google nzima, database zote zinataka hela."

Nikamwuliza kama amejaribu kupitia ukurasa wa maktaba ya chuo chake. Hajajaribu. Tukaingia pamoja kwa namba yake ya usajili na nywila aliyopewa wiki ya kwanza, ambayo hakuwahi kuigusa. Makala ileile, katika jarida lilelile, ikafunguka yote, kurasa kumi na nne. Chuo kilikuwa kimeshailipia.

Hiyo "database zote" ndiyo iliyonikalisha niandike. Kwa muda mrefu nasikia walimu, wanafunzi, hata watu wanaopanga bajeti za shule, wakiiita Google database. Mafaili ya PDF yanayorushwa kwenye kundi la WhatsApp nayo ni database. Tovuti yoyote yenye vitabu ni database. Kisha zile ambazo ni database kwelikweli, zinazoletwa na maktaba, zinaitwa "zile za bure".

Maana yake ni fupi. Kanzidata, yaani hiyo database, ni mkusanyo wa taarifa zilizopangwa kwenye kompyuta kwa utaratibu, kila moja na mahali pake, ili zitafutwe na kupatikana. Ya vitambulisho vya taifa ni kanzidata, na ya wateja wa maji vilevile. Kanzidata ya utafiti ni ile ambayo kilichopangwa ndani ni makala za majarida, magazeti ya zamani, ensaiklopidia, tasnifu au takwimu, vilivyochaguliwa na watu wanaowajibika kwa uchaguzi wao. Imetosha.

Neno lenyewe ndilo ninalotaka kulikalia, maana tukilielewa, nusu ya makosa inaondoka.

Tuna majina mawili, kanzidata na hifadhidata. Ofisi na magazeti ya Tanzania yamelizoea zaidi la kwanza. La pili utalikuta sana Kenya na kwenye programu za kompyuta zilizotafsiriwa. Sehemu ya data ni ya Kilatini, imetufikia kwa njia ya Kiingereza, na asili yake ni "vilivyotolewa", yaani mambo uliyopewa uanze nayo kazi. Hifadhi ni ya Kiarabu, kutunza kisipotee. Ndiyo hiyohiyo ya kuhifadhi Qur'ani kifuani. Kanzi nayo ni Kiarabu, kanz, yaani hazina, mali iliyokusanywa ikawekwa mahali pa siri, mara nyingi chini ya ardhi.

Kinachonivutia ni kwamba Waarabu wenyewe hawasemi kanz kwa jambo hili. Wao wanasema qaida ya taarifa, yaani msingi wake, wakifuata picha ileile ya Kiingereza, ambako base ni msingi, iliyozaliwa miaka ya 1960, enzi za kompyuta kubwa za jeshi la Marekani. Sisi tuliliacha neno la msingi tukachukua la hazina. Uchaguzi huo ni wetu, nami nadhani ni mzuri kuliko wa kwao, ila una mambo ya kuangaliwa.

Waliosoma madrasa watakumbuka kwamba katika Qur'ani neno hili lina sura mbili. Katika Surat At-Tawba wanaonywa wanaolimbikiza dhahabu na fedha bila kuzitoa katika njia ya Mungu, na kitenzi kilichotumika pale ni cha mzizi huu wa kanz. Hiyo ni hazina iliyofungiwa. Katika Surat Al-Kahf kuna ukuta uliokaribia kuanguka, nao ukasimamishwa bila ujira, kwa sababu chini yake palikuwa na kanz ya mayatima wawili wa mji ule. Baba yao alikuwa mtu mwema, na Mola akataka hazina ikae salama mpaka wakue waitoe wenyewe. Watoto walikuwa na mali yao chini ya ukuta, na kwa siku hizo haikuwafikia.

Nikimtazama kijana yule na simu yake naiona habari ya pili. Nikitazama kitufe cha dola thelathini, naiona ya kwanza. Neno moja limebeba hali zote mbili za makala ileile, na tofauti ni mlango ulioupitia.

Google basi ni nini? Ni chombo cha kutafutia. Inapita kwenye kurasa zilizo wazi za intaneti, inaziorodhesha, na ukiuliza inakuelekeza. (Fundi wa kompyuta ataniambia kwamba hata Google ndani yake inatumia kanzidata kubwa kuweka orodha hiyo. Ni kweli, na duka la dawa nalo lina jokofu, ila hatuliiti jokofu.) Inakufikisha kwenye kibaraza cha nyumba ya watu. Kijana wetu alifikishwa kibarazani, akadhani ndiyo nyumba yote.

Ndani ya kanzidata ya utafiti kuna kazi ambayo Google haikufanyii. Chukua MEDLINE, ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ambayo tangu 1997 imefunguliwa kwa dunia yote kupitia tovuti ya PubMed. Makala za humo zimewekewa vichwa vya mada kutoka kwenye orodha moja iliyokubaliwa. Mwandishi mmoja ameandika kansa, wa pili saratani, wa tatu uvimbe, wa nne kataja jina la aina fulani tu. Wote wamewekwa chini ya kichwa kimoja, ukiuliza kwa kichwa hicho wanakuja pamoja. Unaweza kusema nataka za watoto tu, au za miaka mitano iliyopita tu. Huo upangaji kwa miaka mingi ulifanywa na watu waliosoma makala moja baada ya nyingine. Mkutubi yeyote aliyewahi kupanga vitabu rafuni kwa namba anaijua kazi hiyo na anaiheshimu.

Sasa neno "bure", ambalo linaniuma zaidi.

Watu hawasemi bure kwa ubaya. Wanasema kwa sababu ya jinsi mlango unavyofanya kazi. Kompyuta zilizounganishwa na mtandao wa maktaba hutoka nje kwa anwani zinazojulikana, na mwenye kanzidata amepewa orodha ya anwani hizo. Ombi likitoka humo, mlango unafunguka bila kukuuliza jina wala kadi. Ukitumia bando la simu yako nyumbani, hakutambui, anakuletea kitufe cha dola. Mpaka upite kwenye ukurasa wa maktaba kwa nywila ndipo akujue. Kwa hiyo aliyekaa maktabani anaona makala imefunguka kimya kimya, akasema ni ya bure. Aliyekaa nyumbani anaona bei, akasema hakuna kitu. Wote wawili hawajaona ankara, na ankara ipo ofisini, imelipwa kwa fedha za kigeni, nayo inarudi kila mwaka.

Bei ya kununua kanzidata moja kwa taasisi moja ni kubwa mno kwa maktaba nyingi, ndiyo maana maktaba zinachanga. Anayejua kikoba au chama cha akina mama hahitaji kufundishwa jambo hili. Maktaba nyingi zinakuwa mnunuzi mmoja, mazungumzo ya bei yanafanyika mara moja, na ndogo inapata kile ambacho peke yake isingekithubutu. Jimbo la Georgia, Marekani, lilianza hivyo mwaka 1995 kwa mpango uitwao GALILEO. Ulianzia vyuo vikuu vya umma, ukapanuliwa kwenye maktaba za umma na za shule, na sehemu kubwa ya gharama hutoka fedha za jimbo. Mji mdogo wa Clarkston, jirani na Atlanta, umepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Mtoto wa nyumba kama hizo, akiwa shuleni au kwenye maktaba ya mtaa, anafungua ensaiklopidia ileile anayoifungua mtoto wa vitongoji vya wenye nacho. Wazazi wake hawakulipa mlangoni. Wamelipa kwenye kodi, pamoja na wenzao wa jimbo zima.

Misri ilikwenda mbali zaidi. Januari 2016 ilifungua Benki ya Maarifa ya Misri, na kila Mmisri aliyeko nchini anaweza kujisajili, mwanafunzi wa shule kwa profesa, na kukuta yaliyolipiwa na taifa. Nao wakaiita benki.

Kwetu uchangaji upo, ila umekaa zaidi vyuoni. Kenya ina ushirika wa maktaba uitwao KLISC, ulioundwa 2003. Tanzania ina COTUL, na jina lake lenyewe linataja maktaba za vyuo vikuu na za utafiti. Shirika la EIFL, lililoanzishwa 1999, husaidia ushirika wa namna hiyo katika nchi nyingi kujadiliana na wachapishaji. Upo pia mpango wa Research4Life, ulioanza na sehemu ya afya, Hinari, mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Humo wachapishaji hufungua majarida yao kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Kundi moja la nchi halilipi, jingine linalipa kidogo. Hapo neno bure linakaribia ukweli, ingawa hata hapo anayefunguliwa ni taasisi iliyojisajili, na kufunguliwa kwake kunatokana na mwenye mali aliyekubali kutochukua bei.

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayeandika juu ya mmomonyoko wa fukwe, au mwalimu wa wilayani anayetaka kujua wenzake wanafundishaje hesabu, mara nyingi hayumo katika mpango wowote kati ya hiyo. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inampa vitabu vya kiada, nami huwaelekeza wanafunzi huko kila siku, lakini kiada si utafiti. Kwa sasa ninachowafungulia ni African Journals Online, iliyoanza 1998 na yenye majarida ya Afrika, mengi yakiwa wazi kwa yeyote, mengine yakiwa na bei. Napenda waanzie hapo pia kwa sababu wanakuta waliyoandika watu wa vyuo vya kwetu kuhusu mahali petu.

Nirudi kwenye kanzi, maana kuna sehemu moja ambapo neno hili zuri linatupoteza. Hazina iliyozikwa ni yako. Ukiiacha miaka kumi utaikuta. Kitabu rafuni nacho ni hivyo. Tukikinunua leo, mwakani kipo, na akija mtoto wa huyu aliyekisoma leo atakisoma. Kanzidata ya kulipia, kwa kawaida, tumeikodi kama nyumba ya kupanga. Ada isipolipwa, mlango unafungwa, na miaka yote tuliyokwisha kulipa haibaki rafuni, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Hapo ndipo "bure" linapoleta madhara. Mjumbe wa kamati ya shule aliyezoea kusikia kwamba ni ya bure, siku akiletewa ankara anashangaa, anadhani anaongezewa mzigo mpya, anaukata. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikata kitu ambacho hawakujua kuwa walikuwa nacho, na wiki ya mitihani ndipo mwalimu wa biolojia alipokuja kuniuliza mbona haifunguki.

Kwa hiyo sikusudii kumzuia mtu kusema database. Sema database, sema hifadhidata, sema kanzidata kama mimi. Ila ukiwa umeifikia makala kwa Google, taja uliifikia wapi hasa, kwa jina la jarida na jina la kanzidata, maana anayekusikiliza atataka kuipata naye. Na unapomwambia mwenzako kwamba maktaba inayo, usimwambie ni ya bure. Mwambie imelipiwa.

Kijana wangu aliposhika simu yake tena aliniuliza sasa awaambie nini nyumbani kuhusu zile fedha alizoomba. Nikamwambia awaambie makala imepatikana, chuo kilishailipia kwa ada yao. Akaandika ujumbe palepale, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza.