Korona na meno ya watoto: yaliyosemwa na yaliyokuwa

Dhana: Korona ilipoingia, madaktari wa meno ya watoto walifunga milango wakaenda zao nyumbani.

Kilichosimama ni kazi isiyo ya haraka. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa ushauri huo Machi 16, 2020. England ilisimamisha huduma za kawaida Machi 25, ikazirudisha kuanzia Juni 8. Mtoto aliyevimba shavu au kuvunjika jino aliendelea kupokelewa. Wengine walitazamwa kwanza kwa simu, mzazi akimulika mdomo wa mwanawe na kupiga picha.

Dhana: Kilichoogopwa ni mtoto kumkoholea daktari usoni.

Hilo lilikuwepo, lakini daktari aliiogopa zaidi mashine yake mwenyewe. Mashine ya kutoboa jino huzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, huku ikirusha maji ya kuipoza. Maji hayo yakichanganyika na mate hugeuka ukungu unaoelea chumbani. Ndiyo maana mwanzoni, huko England, chumba kiliachwa kitupu hadi saa nzima baada ya kazi ya namna hiyo. Kwa mwendo huo, utatibu watoto wangapi kwa siku?

Dhana: Jino lililooza halitibiki bila mashine.

Hii ndiyo iliyopata pigo kubwa. Ili kuepuka ukungu, madaktari wengi walizigeukia njia ambazo zilikuwepo miaka mingi ila hazikupewa heshima yake. Mojawapo ilizaliwa kwetu: katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza nchini Tanzania kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha kuziba tundu kwa saruji maalumu inayoganda yenyewe na kutoa floridi, madini yanayoimarisha meno. Haihitaji umeme, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Kwa muda mrefu ilionekana tiba ya vijijini, ya wasio na uwezo. Korona ikazipeleka kliniki za kitajiri kwenye mbinu hiyo hiyo.

Nyingine ni ya daktari wa meno Norna Hall wa Scotland: gego la utoto lililooza huvikwa kofia ya chuma kisichoshika kutu, bila kutoboa wala kuchoma sindano. Vijidudu vikifungiwa humo hukosa chakula, na uozo husimama. Mzazi akielezwa hivyo mara ya kwanza huguna, na simlaumu.

Dhana: Jino likigeuka jeusi baada ya kupakwa dawa, limeharibiwa.

Dawa hiyo, ya madini ya fedha na floridi, huua vijidudu na kuifanya sehemu iliyooza iwe ngumu. Weusi hushika sehemu iliyooza. Penye uzima pa jino hapabadiliki. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kwa jino la mbele, ambako weusi huonekana, ubishi wa mzazi ni wa haki.

Dhana: Ni meno ya utoto tu, kusubiri hakukuwa na hasara.

Magego ya utoto hukaa mdomoni hadi miaka 10 au 12, na usaha kwenye mzizi wake unaweza kulidhuru jino la ukubwani linaloumbika chini yake. Vyumba vya upasuaji vilipoelekezwa kwa wagonjwa wa Korona, watoto waliohitaji kung'olewa meno wakiwa wamelazwa usingizi ndio waliosota zaidi kwenye foleni, wakinywa dawa za maumivu.