Je, wajua kwa nini panya hukiacha chambo, na mafuta ya mimea yanasaidia wapi?

Panya wa nyumbani hukwepa kitu kipya kwenye njia yake, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Akikifikia, huonja kidogo tu. Hawezi kutapika, kwa hiyo tahadhari hiyo ndiyo kinga yake. Akionja sumu ya haraka kama zinki fosfaidi, akaumwa bila kufa, chambo cha aina hiyo hakigusi tena. Hata pumzi ya mwenzake huinusa: chakula kinachonukia mdomoni mwa panya mwingine hukipokea upesi kuliko asichokijua.

Kwa hiyo chambo kinukie kitu ambacho panya wa hapo ameshakizoea. Kwenye ghala la dagaa pale Kirumba, Mwanza, dagaa waliosagwa watamvuta kuliko mafuta yoyote ya dukani. Kwenye ghala la mpunga Magu au Misungwi, tumia chenga za mchele.

Mafuta ya mimea yenyewe yana kazi mbili tofauti, na hapa ndipo wengi hukosea. Mafuta ya kula (karanga, ufuta, alizeti) huvuta panya: yana ladha na yana nguvu ya chakula. Mafuta ya kunukia yanayotolewa kwa mvuke, kama ya karafuu, mdalasini, mkaratusi au mnanaa, yakizidi humfukuza, kwa sababu huwasha pua na mdomo. Mkaratusi na mnanaa usiyaweke kwenye chambo kabisa.

Karafuu na mdalasini yana faida nyingine: hupunguza kasi ya ukungu. Kando ya Ziwa Victoria, hasa masika, chenga zilizopakwa mafuta huota ukungu upesi, na panya huziacha. Mafuta ya karafuu hupatikana nchini. Pemba huyatoa kwenye makonyo na majani. Kinachozuia ukungu ndani yake ni kemikali iitwayo yujenoli (eugenol).

Kwa kilo 1 ya chenga au mahindi yaliyoparazwa, pima mililita 50 za mafuta ya karanga. Ndani ya mafuta hayo, kabla hayajagusa nafaka, tia mililita 1 ya mafuta ya karafuu, yaani matone 20 hivi, ukoroge. Usiyadondoshee moja kwa moja kwenye nafaka, wala usiyachanganye na maji: hayayeyuki humo, hukusanyika sehemu moja, na panya akiuma punje iliyolowa huondoka. Kisha mimina, geuza mpaka kila punje ing'ae, funika usiku mmoja. Nafaka iwe kavu. Ikiwa mbichi, karafuu haitaiokoa.

Sasa ijaribu bila sumu. Weka visahani viwili kandokando ya ukuta, kimoja chenye karafuu na kingine bila, gramu 50 kila kimoja. Asubuhi pima kilichobaki, kisha ubadilishe nafasi zake kila usiku, maana panya huzoea mahali kuliko chakula. Baada ya usiku wa nne utaona. Chenye karafuu kikiliwa kidogo kuliko kingine, punguza hadi matone 10.

Chambo kilichopita jaribio hilo kifunge kwenye mtego wa kubana. Mtego uache bila kutegwa kwa siku 3 hadi 5, panya wale bure, ndipo uutege. Haya yote hayafai kitu kama magunia yako wazi, kwa sababu panya aliyeshiba hana haja ya kuonja. Inua magunia juu ya chaga, zoa punje sakafuni, ziba matundu.

Usichanganye sumu mwenyewe. Tumia vipande vya sumu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ndani ya kisanduku kilichofungwa; harufu nzuri humvuta pia mtoto na kuku. Sumu za kuzuia damu kuganda, kama bromadiolone, huua baada ya siku kadhaa, hivyo mtu aliyeila anaweza kuonekana mzima leo. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na pakiti yake: dawa yake ni vitamini K1, na daktari anahitaji kujua jina la sumu.