Whanganui au Wanganui? Dhana potofu kuhusu jina la mji na mto wa Nyuzilandi

Kwenye pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini, Nyuzilandi, kuna mto mrefu unaotoka milimani na kumwaga maji yake baharini. Mdomoni mwake upo mji wenye jina lilelile la mto. Jina ni la Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, lakini kwa zaidi ya miaka 100 Kiingereza kililiandika bila h. Ugomvi wa herufi hiyo moja ulifika kwenye kura ya maoni na hadi mezani kwa waziri, na bado yanasemwa mengi yasiyo ya kweli.

“H imechomekwa juzi juzi; jina la asili ni Wanganui”

Mambo ni kinyume. Jina lina maneno mawili: *whanga*, yaani ghuba au mlango mpana wa maji, na *nui*, kubwa. Sifa inafuata nomino, kama kwetu. *Whanga* hiyohiyo imo katika Te Whanganui-a-Tara, jina la Kimaori la bandari ya Wellington, yaani Bandari Kubwa ya Tara.

H ilipotelea masikioni mwa wageni. Katika lahaja nyingi za Kimaori wh hutamkwa karibu na f, lakini watu wa mto huu hutamka w huku sauti ikikatika kidogo kooni. Walowezi walisikia w, wakaandika w.

“Basi ikiwapo h, lazima isomwe Fanganui”

Kosa hili hufanywa hata na watu wenye nia njema, wanaodhani wanaonyesha heshima. Wenyeji hawasemi hivyo. Kuwapachika f ni kuwasahihisha kwa lahaja ya watu wengine, sawa na kumwambia mzee wa Mombasa anayesema “ndia” kwamba amekosea kusema “njia”.

Penye kosa kubwa zaidi ni kwenye ng. Waingereza wengi huitamka kama ng ya “ngoma”, na ilivyo ni ng’ ya “ng’ombe”. Msomaji wa Kiswahili yuko pazuri hapa: irabu za Kimaori ni tano kama zetu, na ukisema “Wang’anui” kwa mkato mdogo kooni mwanzoni umekaribia sana.

“Maana ni ghuba kubwa, na habari imeishia hapo”

Tafsiri hiyo ni sahihi, ila inaacha nje kisa chenyewe. Masimulizi ya Wamaori yanamtaja Hau, aliyeachwa na mkewe Wairaka, akamfuata pwani kuelekea kusini huku akiupa jina kila mto aliouvuka. Wapo wasemao alipofika hapa alishangazwa na upana wa mlango wa mto. Wengine wanakumbusha kwamba *whanga* pia ni kungoja, na kwamba alingoja sana kabla ya kuvushwa. Kisha akaendelea: Turakina ni pale alipoangusha mti ili apite juu yake, na Manawatū ni pale moyo wake uliposimama kwa hofu alipouona mto. Ukiyasoma majina hayo kwa mfuatano unapata safari nzima.

“Mji umeitwa hivyo tangu walowezi walipofika”

La. Makazi yao ya mwaka 1840 yaliitwa Petre, kwa heshima ya bwana mmoja wa kampuni iliyoleta walowezi. Jina halikupendwa, na mwaka 1854 likaachwa.

“Serikali iliwalazimisha wakazi”

Hapa kuna chembe ya ukweli, ndiyo maana dhana hii haifi. Katika kura za maoni za 2006 na 2009, wapiga kura wengi mjini walitaka Wanganui ibaki. Mto ulikwisha kurudishiwa h mwaka 1991. Bodi ya Jiografia, inayosimamia majina ya mahali nchini, ilipopendekeza mji nao uandikwe hivyo mwaka 2009, waziri aliamua tahajia zote mbili ziwe halali. Hatua iliyofuata ilitoka ndani: baraza la wilaya lenyewe liliomba jina la wilaya libadilishwe, na mwaka 2015 likawa Whanganui.

Kwa maoni yangu, kura ya mji peke yake haikutosha kuamua, kwa sababu mji uliazima jina la mto, na mto una watu wake. Msemo wao ni *Ko au te awa, ko te awa ko au*: mimi ndimi mto, na mto ndio mimi. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria inayoutambua mto huo, kwa jina Te Awa Tupua, kuwa nafsi ya kisheria yenye haki na wajibu.

“Kuandika Wanganui leo ni kosa kila mahali”

Si kila mahali. Mji, mto na wilaya vya leo viandikwe Whanganui. Lakini anayenukuu hati za zamani aziache zilivyo. Sheria ya mwaka 1976 iliyosimamia kompyuta kuu ya taarifa za polisi na mahakama, iliyowekwa mjini humo, ina Wanganui katika jina lake, na Wanyuzilandi walioishi wakati ule bado huiita “kompyuta ya Wanganui”. Kuichomekea h leo ni kubadili kumbukumbu.