Je, Wajua Kwa Nini Mapezi Yanayokutosha Dukani Hukusumbua Chini ya Bahari?

Ukiwa dukani unavaa mapezi ya kuzamia, yale ya mpira yanayovaliwa miguuni kama viatu, yenye bapa refu kwa mbele. Unasimama, unaona yamekaa sawasawa. Siku ya kuzamia ikifika, hata nusu saa haijaisha, vidole vinauma, au kisigino kinachezacheza ndani ya mpira hadi ngozi inachubuka. Mapezi ni yaleyale. Kilichobadilika ni mguu.

Ukisimama, uzito wa mwili unaukandamiza wayo, nao unatanuka na kurefuka kidogo. Majini uzito huo haupo. Wayo unajikusanya tena, na pezi lililokukaa vizuri nchi kavu linaanza kukupwaya.

Halafu kuna nguvu ya teke. Kiatu cha kawaida hubebesha wayo mzigo, lakini pezi lina kazi nyingine. Unapopiga teke kwenda chini, maji yanalisukuma bapa, na msukumo huo unatua juu ya mguu, pale mdomo wa mpira unapoishia karibu na kifundo. Mpira ukibana hapo, utaumia kila teke. Ukipwaya, mguu unateleza na vidole vinajikunja kulishikilia pezi. Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyechunguza umeme wa radi, aliandika kwamba alipokuwa mtoto alijitengenezea vibao vya kuogelea vya mikononi, na vingine mfano wa kandambili za miguuni. Vya miguuni havikumridhisha, maana aliona kuwa teke halitoki kwenye wayo peke yake, bali hata upande wa ndani wa mguu na vifundo. Mapezi ya mpira tunayoyajua yalikuja baadaye sana: Mfaransa Louis de Corlieu aliyapatia hataza mwaka 1933.

Wanaotumia mapezi yenye mkanda wa nyuma huvaa kwanza buti za neopreni, na hapo ndipo kina kinapoingilia kati. Neopreni ni mpira uliojaa vipovu vya gesi. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji. Kwenye mita 30 ni mara nne. Vipovu vinasinyaa, buti inakuwa nyembamba, na mkanda ulioukaza ukiwa kwenye boti unalegea. Wengine, kwa kulihofia hilo, huukaza kupita kiasi tangu juu. Damu haipiti vizuri, mguu unakufa ganzi, shavu la mguu linakakamaa. Mimi naona mkanda wa springi unastahili bei yake, kwa sababu unajivuta wenyewe buti inaposinyaa.

Kwa hiyo dukani usijaribu mapezi kwa kusimama. Keti, inua mguu, nyoosha vidole kama unaogelea, kisha mwombe mwenzako ashike ncha ya bapa aisukume juu na chini. Kisigino kisichomoke, vidole visijikunje. Namba ya kiatu ni pa kuanzia tu, kwani kila kiwanda kina vipimo vyake, na kama utavaa buti, nenda nazo.

Kwa bahari yenye joto kama ya Zanzibar, Mafia au Watamu, anayeshuka kutoka kwenye boti anaweza kuvaa mapezi ya kufunika kisigino, miguu ikiwa peku. Yakimpwaya kidogo, soksi nyembamba za kuogelea zinasaidia, hasa kwa mapezi ya kukodi. Lakini kama utaingia kutoka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, buti ni lazima. Mwamba una makali, na miiba ya viumbe wanaojificha kwenye nyufa zake huingia mguuni na kukatikia humohumo.

Misuli ikikakamaa ukiwa chini, acha kupiga mateke. Nyoosha goti, shika ncha ya pezi, uivute taratibu kuelekea kwako mpaka shavu la mguu liachie.