Je, wajua? Mtu anaweza kuandika kwa kuikazia macho herufi tu

Mtu aliyepooza mwili mzima, asiyeweza kusema wala kushika kalamu, amekaa mbele ya skrini iliyojaa herufi. Kichwani amevaa kofia yenye vipande vidogo vya chuma, yaani elektrodi. Herufi zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika, kisha ile aliyoitaka inajiandika juu ya skrini. Wengi wakiona hivyo husema kompyuta imesoma mawazo yake. Haijasoma, na kinachofanyika hasa kinastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu watu wanaokitegemea wana haki ya kueleweka.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme. Seli nyingi zikifanya kazi kwa pamoja, sehemu ndogo ya umeme huo hupenya fuvu na kufika kwenye ngozi ya kichwa, ambako elektrodi huunasa. Daktari Mjerumani Hans Berger alikuwa wa kwanza kuurekodi kwa binadamu, mjini Jena, mwaka 1924. Lakini umeme huo ni dhaifu mno, hupimwa kwa mikrovolti, na mikrovolti moja ni sehemu ya milioni ya volti. Isitoshe, umechanganyika. Kupepesa jicho au kukaza taya hutoa umeme unaoweza kuufunika kabisa. Ukiuangalia mchoro wake huwezi kuona herufi M imekaa mahali fulani ikisubiri kusomwa.

Kwa hiyo kompyuta haiitafuti herufi kichwani mwa mtu. Inamwuliza ubongo: ni hii? Ni hii? Ni hii?

Mfumo uliofungua njia hii ulichapishwa mwaka 1988 na Lawrence Farwell na Emanuel Donchin wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Waliweka herufi na alama 36 katika jedwali la safu mlalo 6 na safu wima 6. Safu moja humulikwa kwa muda mfupi sana, kisha nyingine, bila mpangilio wa kutabirika. Mtumiaji kazi yake ni kuitazama herufi anayoitaka na kuhesabu kimoyomoyo kila inapomulikwa. Katika mimuliko 12, mmoja kwa kila safu, herufi yake huwaka mara 2 tu: mara moja na safu yake mlalo, mara moja na safu yake wima.

Uchache huo ndio siri. Fikiria umekaa kwenye kundi la watu, majina yanaitwa moja baada ya jingine. Hushtuki kwa majina ya wenzako, ila likiitwa lako kitu fulani ndani yako huinuka kabla hujajibu. Ubongo hufanya hivyo kwa jambo lolote adimu linalosubiriwa: takribani milisekunde 300 baada ya jambo hilo kutokea, umeme wake hupanda kwa muda mfupi. Wimbi hilo huitwa P300, na lilielezwa mwaka 1965 na Samuel Sutton na wenzake. Kompyuta ikigundua kwamba wimbi limetokea baada ya safu mlalo ya tatu na safu wima ya tano, inaangalia zinapokutana. Hapo ndipo penye herufi.

Lakini wimbi lenyewe limezama ndani ya mawimbi mengine makubwa kuliko lenyewe. Linaonekanaje? Hapa ndipo ninapoona ufundi halisi wa jambo hili. Kompyuta haijui mtu anawaza nini, lakini inajua kwa usahihi ni saa ngapi yenyewe imemulika kila safu. Basi inakata kipande cha umeme kilichofuata kila mmuliko, inavikusanya vipande vya safu ile ile, na kutafuta wastani wake. Mawimbi yasiyohusika mara yako juu, mara yako chini, kwa hiyo yakijumlishwa yanafutana yenyewe kwa yenyewe. P300 huja karibu wakati ule ule kila mara, hivyo hubaki na kujitokeza. Gharama yake ni muda. Vipande 16 hupunguza kelele, yaani hayo mawimbi yasiyohusika, hadi robo. Ukitaka ipungue hadi nusu ya robo hiyo, unahitaji vipande 64. Ndiyo maana mfumo wa 1988 uliandika takribani herufi 2.3 tu kwa dakika.

Baadaye watafiti waligundua kwamba badala ya kumulika herufi tupu, unaweza kuifunika kwa muda mfupi na picha ya uso wa mtu maarufu. Ubongo wa binadamu huzijali nyuso kupita kiasi, hutoa mawimbi ya ziada kwa ajili yake, na makosa ya kuandika hupungua.

Ipo njia nyingine, ya haraka zaidi. Kila herufi hupewa mwendo wake wa kuwaka na kuzimika, na eneo la kuona lililo kisogoni hufuata mwendo wa ile inayotazamwa. Tazama herufi inayowaka mara 10 kwa sekunde, na umeme wa kisogoni nao utapanda na kushuka mara 10 kwa sekunde. Mwaka 2015 watafiti nchini China walichapisha mfumo wa alama 40, za mwendo wa kuanzia mara 8 hadi 15.8 kwa sekunde, zikitofautiana kwa 0.2 tu. Watu wenye afya waliweza kufikia hadi herufi 60 kwa dakika. Ni kasi ya kustaajabisha, ingawa skrini yenye kumetameta hivyo huchosha macho, na mwanga wa kumetameta unaweza kuwaletea degedege baadhi ya watu wenye kifafa.

Nikisoma habari za kasi hizo, swali langu la kwanza huwa: macho ya mtumiaji yanatembea? Mwenye macho yanayotii anaweza pia kutumia kamera inayofuata mboni, bila kofia wala jeli ya kupaka kichwani. Anayehitaji zaidi mfumo wa ubongo ni yule ambaye ugonjwa kama ALS, unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua, umefika hadi kwenye misuli ya macho. Na kwake yeye, mifumo hii ya kutazama hudhoofika: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba hata P300 hutambulika kwa usahihi mdogo zaidi mtu asipoielekeza mboni yake kwenye herufi yenyewe.

Kwa ajili yake watafiti wameunda mipangilio inayoonyesha herufi zote kwa zamu katikati ya skrini, mahali pamoja, ili jicho lisihitaji kusogea. Wengine wameacha mwanga kabisa na kutumia sauti au miguso ya ngozi. Njia hizi kwa kawaida ni za polepole zaidi, lakini swali linaloulizwa ni lile lile, na wimbi linalosubiriwa ni lile lile.