Lenzi laini za macho: yanayosemwa mitaani Mbeya na kemia yake

Muhula uliopita binti mmoja wa kidato cha tano aliingia ofisini kwangu akiwa amefumba jicho moja. Alipolifumbua lilikuwa jekundu na machozi yakitiririka. Alikuwa amenunua lenzi za rangi mjini, bila kupimwa na mtu yeyote, akazisuuza kwa maji ya bomba bwenini. "Shikamoo, mwalimu. Nilijua ni plastiki tu, ukiiosha imetakata." Tulikwenda kwa wataalamu wa macho siku ileile, na namshukuru Mungu jicho lilipona. Mimi mwenyewe nafundisha kemia na navaa lenzi laini, na maneno ya yule binti nimeyasikia Mwanjelwa, nimeyasikia Uyole, nimeyasikia hata kwa walimu wenzangu. Kwa hiyo nayachukua moja baada ya jingine.

"Ni plastiki laini tu"

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 2019, plastiki vichwani mwetu ni kitu kisichopitisha maji, kisichopitisha hewa na kisichooza. Lenzi za zamani zilikuwa hivyo kweli. Mwaka 1948 Kevin Tuohy, Mmarekani, alitengeneza lenzi ndogo ya kufunika konea kwa polimethili methakrilati, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Watu waliona vizuri, lakini oksijeni haikupita.

Konea, ule utando mwangavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Ingekuwa nayo, tungeona kupitia pazia jekundu. Basi oksijeni yake inaichukua hewani: inayeyuka kwenye machozi, kisha inapenya. Ukiifunika kwa kitu kisichopitisha hewa, unaiziba pua.

Lenzi laini imetengenezwa kwa jeli. Minyororo mirefu ya polima, yaani molekuli zilizoungana pingili kwa pingili, imefungamana hapa na pale kama nyavu za wavuvi wa Matema, na maji yamekaa ndani ya matundu ya wavu huo. Polima ya kwanza iliyofaulu inaitwa poli-HEMA. Kila pingili ya mnyororo wake ina kundi la haidroksili linaloshikana na maji, na lenzi iliyolowa kikamilifu huwa na maji kama asilimia 38 ya uzito wake. Ukiisahau mezani usiku kucha, asubuhi utakuta kitu kigumu kinachovunjika kama ganda la kitunguu. Viwanda vimeitumia tabia hiyo: polima inachongwa ikiwa kavu na ngumu, kisha inalowekwa ivimbe hadi kipimo kilichokusudiwa. Anayechonga lazima ajue tangu mwanzo itavimba kiasi gani. Hesabu hiyo ndiyo inayonifurahisha kuliko zote.

"Maji yoyote safi yanafaa, ya kuchemsha ndiyo kabisa"

Hapa huwa nachana pampasi darasani. Ndani yake mna chembechembe nyeupe za polima iliyo jamaa ya karibu ya jeli za lenzi. Mimina maji, zinavimba mpaka glasi inajaa. Nyunyiza chumvi ya mezani, koroga, na jeli inanywea mbele ya macho ya wanafunzi, maji yakirudi kuwa maji. Minyororo ile ina chaji hasi nyingi zinazosukumana. Chumvi ikiingia, msukumano unapungua na wavu unajikunja.

Baadhi ya lenzi laini zimeongezewa kiasi kidogo cha asidi ya methakriliki ili zishike maji zaidi, na nyingine hufika asilimia 58. Hizo zina chaji za namna hiyohiyo. Umbo la lenzi limepimwa likiwa kwenye maji yenye chumvi kama ya machozi, takriban asilimia 0.9. Ukiitia kwenye maji matupu, ukubwa wake unabadilika, na ukiivaa hivyo inaweza kung'ang'ania jichoni badala ya kuelea juu ya machozi.

Halafu kuna Acanthamoeba, kiumbe cha seli moja kinachoishi kwenye maji ya kawaida, yakiwemo ya bomba. Kikiingia kwenye konea kinaleta maumivu makali na kinaweza kuondoa uwezo wa kuona. Maji ya kuchemsha hayana dawa ya kusafishia lenzi, na chumvi ya kujichanganyia nyumbani si suluhisho: miaka ya 1980 nchini Marekani wengi wa wavaaji waliougua walikuwa wakitumia maji ya chumvi waliyojitengenezea. Mate nayo hayafai. Kinachofaa ni dawa maalumu ya lenzi, mpya kila siku, na mikono iliyonawa ikakaushwa.

"Itapotelea nyuma ya jicho"

Haiwezi. Utando unaofunika weupe wa jicho unakunjika na kuendelea hadi ndani ya kope, kwa hiyo njia ya kwenda nyuma haipo. Lenzi inaweza kujificha chini ya kope la juu, basi.

"Yenye maji mengi ndiyo bora"

Dhana hii ina mantiki, na hata watafiti waliifuata kwa miaka. Katika jeli ya kawaida oksijeni husafiri ndani ya maji, hivyo ukiongeza maji unaongeza oksijeni. Lakini jeli yenye maji mengi ni dhaifu na huchanika, kwa hiyo inabidi uifanye nene, na unene unairudisha nyuma faida uliyoipata. Juu ya hapo, jeli ya namna hii haiwezi kamwe kupitisha oksijeni kuliko maji yenyewe. Huo ni ukuta.

Mwaka 1984 watafiti Brien Holden na George Mertz walipima konea inahitaji nini. Kwa kipimo wanachotumia wataalamu cha jinsi lenzi inavyopitisha oksijeni, lenzi ya mchana ilitakiwa kufikia 24, na ya kulala nayo 87. Poli-HEMA yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita hutoa kama 8 au 9. Nikiandika namba hizo tatu ubaoni, darasa linanyamaza.

Sasa ongeza jiografia yetu. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la oksijeni hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Nguvu inayoisukuma oksijeni kupita kwenye lenzi ni hilo shinikizo, hakuna nyingine. Kipupwe nacho, Juni hadi Agosti, huleta hewa kavu na vumbi, na anayeshuka kwenye basi Makambako anaujua upepo wake. Jeli yenye maji mengi hupoteza maji kwenye hewa kavu, na ikipungukiwa huyatafuta kwenye machozi. Ndiyo maana rafiki yako wa Dar anaweza kuisifu lenzi ambayo wewe huku unaivua saa nane mchana macho yakiwasha. Mwambie mtaalamu wako unaishi wapi na unafanya kazi gani.

"Siku hizi ni silikoni, unalala nazo tu"

Kuelekea mwaka 2000 zilitoka jeli za silikoni, na ule ukuta ukaanguka. Minyororo ya silikoni inajipinda kwa urahisi na kuacha nafasi ambamo oksijeni inapita bila kuhitaji maji. Baadhi ya lenzi hizi zinazidi 100 kwa kipimo kile.

Kazi iliyofanyika hapo ni kubwa kuliko sentensi hiyo. Silikoni haipatani na maji, na ukichanganya viungo vyake na vile vinavyopenda maji vinajitenga kama mafuta juu ya mchuzi. Vikijitenga kwa mabonge makubwa, lenzi inakuwa na ukungu. Ilibidi mabonge hayo yawe madogo kuliko mawimbi ya mwanga, huku njia ya oksijeni na njia ya maji zote zikibaki wazi kutoka upande hadi upande, maana lenzi za mpira wa silikoni pekee zilizotangulia zilikuwa zikinata kwenye jicho. Kisha uso wa lenzi ukatibiwa kwa plazma, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme, au ikachanganywa ndani yake polima nyingine inayopenda maji, ili kope liteleze. Hata hivyo mafuta ya machozi bado huganda juu yake kwa urahisi.

Na kulala? Watafiti walitarajia oksijeni ikitosha, maambukizi ya konea yatapungua. Hayakupungua kama walivyotarajia. Anayelala na lenzi ana hatari kubwa kuliko anayeivua, hata ikiwa ya silikoni. Vua usiku.

"Utafiti wa polima ni wa wenye viwanda vikubwa"

Hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu wanafunzi wangu wanaiamini. Poli-HEMA ilitoka Chekoslovakia, kwa wanakemia Otto Wichterle na Drahoslav Lím, waliotangaza jeli zao mwaka 1960. Wichterle alikuwa ameondolewa chuo kikuu mwaka 1958 kwa sababu za kisiasa. Lenzi zilizomiminwa kwenye kalibu zilikuwa zikichanika kingo zikitolewa, na mradi ukasitishwa. Krismasi ya 1961, nyumbani kwake, aliunda mashine kwa vyuma vya kuchezea vya watoto na dinamo ya baiskeli: kalibu ikizunguka, kimiminika kikitandazika chenyewe na kuganda kikiwa na kingo laini. Alipata lenzi nne. Mwaka 1971 Marekani iliruhusu lenzi za aina hiyo ziuzwe.

Sisemi mtu atengeneze lenzi bwenini akavae. HEMA, kiungo cha poli-HEMA kabla hakijaungana kuwa mnyororo, inawasha ngozi na macho, na kiwandani lenzi huoshwa mpaka mabaki yake yatoke. Nasema kuhusu kufikiri. Yule binti amerudi kwenye miwani, na wiki iliyopita aliniomba chembe za pampasi apime zinanywa maji ya bomba kiasi gani kuliko ya mvua. Dinamo ya baiskeli tunayo, iko kabatini pamoja na sumaku.